Jirani anajenga, mpaka uko wapi? Majibu ya maswali yenu

Maswali ya mipaka yamejaa kiasi kwamba wiki hii nimeyapa safu nzima. Majina nimeyaacha, maeneo nimeyabakiza kwa sababu sheria inayotumika inategemea ardhi iko wapi.

Kiwanja changu kipo Goba, Dar es Salaam, kina hati. Jirani mpya ameanza kuchimba msingi na naona ameingia kwangu zaidi ya mita moja. Nikimuuliza ananionyesha kibali cha manispaa. Bikoni (alama ya mpaka) ya upande huo haionekani. Nifanye nini?

Dada yangu, muhuri wa manispaa usikutishe. Kibali cha ujenzi kinapitisha nyumba ijengwe ndani ya kiwanja chake, hakimpi kipande cha chako. Fundi akivuta kamba vibaya siku ya kuseti jengo, kibali hakimwokoi bosi wake.

Leo hii, kabla zege halijamwagwa, piga picha. Piga mtaro, kamba ya fundi, na tepu iliyonyooshwa kutoka kona ya nyumba yako hadi kwenye ile kamba, namba zisomeke. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwite jirani, umwombe asimamishe upande huo tu. Nasisitiza: upande huo tu. Ukidai asimamishe nyumba nzima huku mafundi wamekaa na wanataka posho yao, hatakusikiliza, na mimi simlaumu.

Kuhusu bikoni, usikimbilie kusema imeng'olewa. Mara nyingi ipo palepale, imefukiwa na kifusi. Ni chuma kilichozamishwa kwenye zege, kina namba, na namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye ramani ya upimaji iliyoambatana na hati yako. Itafuteni kwa jembe kwanza. Isipopatikana, mpima aliyesajiliwa au wa manispaa anaweza kurudi kwenye vipimo vilivyosajiliwa na kuonyesha mahali ilipokuwa. Wenyewe wanaita kufufua mipaka. Mpima huyo mchagueni pamoja, mchangie gharama, na wote muwepo siku anapopima. Mpima aliyeletwa na upande mmoja, upande wa pili humwona kama wakili wa mwenzake. Ikibainika kuna mtu aliing'oa bikoni kwa makusudi, hilo ni kosa la jinai na polisi wanahusika.

Kuna jambo wengi hawaliangalii. Zege la chini ya msingi huwa pana kuliko tofali, hutokeza pande zote mbili. Jirani anayetaka ukuta wake usimame juu ya mstari kabisa, zege lake linalala kwako chini ya udongo, na utaligonga siku utakapochimba msingi wako. Mkaguzi wa majengo akija, mwonyeshe mtaro, si kamba peke yake.

Jirani akigoma, peleka malalamiko Baraza la Kata mara moja. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza hilo haliamui tena kesi za ardhi, kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa linakupa hati ya kuthibitisha hivyo, na zikipita siku 30 bila usuluhishi unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hati hiyo. Huko ndiko unakoomba zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha ujenzi wakati kesi inaendelea. Siku 30 ni nyingi kwa fundi mwenye saruji ya kutosha, ndiyo maana nasema usipoteze wiki tatu za kubembelezana kabla ya kuandikisha shauri. Wakati huohuo wapelekee manispaa barua: kama ujenzi haufuati ramani waliyoipitisha, wana mamlaka ya kuusimamisha.

Usiuvunje msingi mwenyewe. Hata kama mita hiyo ni yako, utafunguliwa kesi ya kuharibu mali, na mgogoro utakaokuwa unazungumzwa ni wako, si wake.

Bati la jirani limetokeza juu ya ukuta, mvua ikinyesha maji yote yanamwagika uani kwangu na kulowesha ukuta wa jiko. Ukuta ni wake. Je, nina haki ya kulalamika? (Tanga)

Unayo. Ukuta kuwa wake hakumpi ruhusa ya kukumwagia maji. Mwambie aweke gata na bomba la kuyashusha upande wake, na bati lililovuka mpaka alikate. Akipuuza, anza na afisa afya wa kata kabla ya baraza lolote, hasa kama maji yanatuama.

Sina hati, nina karatasi ya mauziano tu iliyosainiwa na mwenyekiti. Mpaka wetu ulikuwa minyaa. Jirani ameing'oa usiku na asubuhi tumekuta tofali. (Mbagala)

Karatasi hiyo si kitu kidogo. Isome upya: mara nyingi imeandika majirani wa pande nne na vipimo kwa hatua au kwa mita. Wote waliosaini kama mashahidi, watafute sasa wakiwa hai na kumbukumbu zao zikiwa sawa. Visiki na mizizi ya minyaa usiifukie. Minyaa haifi upesi, itachipua kwenye mstari uleule, na wajumbe wa baraza wakija kuona eneo watauona. Njia ya kusuluhisha ni ileile niliyomweleza dada wa Goba. Na mtaa wenu ukiingia kwenye urasimishaji, yaani viwanja kupimwa na kupewa hati, usikose siku ya kuonyesha mipaka, wala usisaini fomu kwa kumhurumia mtu.

Jirani alijenga ukuta ndani ya masale (mimea ya mpakani) ya kihamba chetu (shamba la ukoo) miaka kumi iliyopita. Baba alinyamaza, sasa ni marehemu. Sisi watoto tunaweza kudai? (Marangu)

Pole kwa msiba. Mna muda, lakini mdogo. Sheria ya ukomo inatoa miaka 12 ya kudai ardhi, na mkikaa mpaka ipite, jirani atakuwa na utetezi mzito hata kama Marangu nzima inajua masale yale alipanda nani.

Kikwazo cha kwanza kiko nyumbani. Mali ya marehemu haidaiwi na mtoto yeyote anayejisikia uchungu, bali na msimamizi wa mirathi. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mpendekeze mtu, mwende Mahakama ya Mwanzo akateuliwe. Nimeona mashauri yanatupwa baada ya miaka ya kuhangaika kwa sababu aliyefungua hakuwa na barua ya usimamizi. Wakati mnasubiri, wazee wajaribu kuongea na jirani. Kama baba alimruhusu kwa mdomo, mkalijue hilo mapema.

Kwetu Malindi jirani amesogeza ua na anajenga. Wakili anasema nisiende mahakamani kwanza. Ananichelewesha? (Kenya)

Hakucheleweshi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inaizuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka wenyewe haujaamuliwa. Mwandikie msajili wa ardhi. Yeye na mpima watawaita wote wawili na kuja kwenye shamba.

Jirani amekubali kosa na anataka kuninunua hiyo mita moja kwa pesa nzuri. Tuandikishane kwa mwenyekiti yaishe? (Kibaha, kiwanja kina hati)

Kukubaliana ni jambo jema, na bei ni yenu. Ila kiwanja chenye hati hakikatwi kwa karatasi ya mwenyekiti. Inabidi ramani ibadilishwe, ipitishwe na mamlaka ya mipango miji, kipande kipimwe na hati zote mbili zirekebishwe. Msipofanya hivyo, mtakayemuuzia nyumba kesho atapima kwa hati ya zamani na mgogoro utaanza upya kwa watu wasiojuana. Andikeni makubaliano kwa wakili, gharama za upimaji abebe yeye aliyevuka, na sehemu kubwa ya malipo ibaki mpaka hati mpya zitoke.