Beji ikisoma sifuri

SWALI: Mimi ni mteknolojia wa mionzi katika hospitali ya wilaya. Beji zetu za kupimia mionzi karibu kila robo mwaka hurudi na sifuri, na wenzangu huziacha zikining'inia kwenye aproni chumba cha eksirei. Nasikia hatari ya saratani kwa wafanyakazi wa mionzi hukadiriwa kwa kumbukumbu za beji. Beji zikikosea, hatari itaonekana ndogo au kubwa kuliko ilivyo?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Inategemea aina ya kosa.

Vipimo vikiyumba ovyo, mara juu mara chini, hatari huonekana ndogo. Baadhi ya walio juu kwenye orodha ya dozi wamefikishwa huko na kosa la kipimo tu. Mionzi waliyopata kweli ni kidogo. Ikiwa asilimia 20 ya varianzi (kipimo cha mtawanyiko) ya dozi zilizoandikwa ni kuyumba huko, ongezeko halisi la hatari ya saratani la 0.5, yaani asilimia 50, kwa kila grei (kipimo cha dozi ya mionzi) litasomeka 0.4. Lakini beji za wote zikisoma pungufu kwa asilimia 20, saratani zilezile hubebeshwa dozi ndogo, na 0.5 hupanda hadi 0.625.

Sifuri ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana ni dozi iliyo chini ya uwezo wa beji kuiona. Tuchukue kikomo cha milisivati 0.3 (milisivati ni sehemu ya elfu ya sivati, kipimo kingine cha dozi). Beji ya filamu ikisomwa kila wiki kwa wiki 50, karibu milisivati 15 kwa mwaka zinaweza kupotea. Ikisomwa mara nne kwa mwaka, hazizidi 1.2.

Kumbukumbu zenye mapengo zimewahi kuyumbisha utafiti mkubwa. Mwaka 2005, utafiti wa wafanyakazi wa nyuklia wa nchi 15 ulipata ongezeko la hatari ya saratani (bila kuhesabu lukemia) la 0.97 kwa kila sivati. Kanada ilipoondolewa, likashuka hadi 0.58. Uchambuzi wa baadaye ulielekeza shaka kwa wafanyakazi wa Kanada walioajiriwa kabla ya 1965, ambao huenda kumbukumbu zao za dozi hazikukamilika.

Kwa hiyo beji ikipotea, msiandike sifuri. Wekeni wastani wa wenzenu wa zamu na kazi ileile, na mwandike wazi kuwa ni makadirio. Kosa linalobaki kwa kawaida halipindishi mteremko wa hatari, yaani ongezeko lake kwa kila kipimo cha dozi. Linapanua tu wigo wa shaka. Beji ya kiwiliwili ivaliwe kifuani chini ya aproni, mahali palepale kila siku. Ikibaki kwenye aproni chumbani itarekodi mionzi ambayo hakuna aliyeipata.

Mwisho, tazameni beji ya udhibiti, ile isiyovaliwa na mtu, ambayo usomaji wake hutolewa kwenye beji zenu. Ikihifadhiwa karibu na mashine hunyonya mionzi ya kazi, maabara huitoa kama mionzi ya asili, na nyote mnarudishiwa sifuri. Ikae ofisini, mbali na chumba cha eksirei.