Kukokota boti kwenye trela: injini inahitaji nguzo?

Ndugu, nimekuelewa: unakokota boti kwenye trela, injini umeiinua, na kila shimo la barabarani inaruka hadi ubao wa nyuma wa boti, ule unaobeba injini, unalia. Unauliza kama lile komeo la kushikilia injini ikiwa juu linatosha. Halitoshi. Limewekwa kwa ajili ya boti iliyosimama, na watengenezaji wengi huonya wazi lisitumike njiani.

Kwanza jaribu kuishusha injini wima kabisa. Ikiwa propela na ncha ya chini bado ziko mbali na lami, safiri hivyo. Uzito unakaa vizuri na maji yaliyobaki ndani yanatoka. Lakini fikiria matuta na vivuko vya reli, si barabara tambarare tu.

Kama iko chini mno, nunua nguzo ya kuegemeza: upande mmoja unakaa kwenye fremu ya trela au rola ya nyuma, mwingine unashika mguu wa injini juu ya propela. Ishushe injini taratibu mpaka iikalie nguzo kwa uzito, kisha funga mkanda. Mimi niliwahi kuweka kipande cha mbao badala yake. Kilichomoka njiani, sijui hata wapi.

Nguzo haina maana boti yenyewe ikirukaruka, kwa hiyo funga tezi (sehemu ya nyuma ya boti) kwenye trela kwa mikanda miwili. Zuia pia usukani usizunguke. Injini ndogo? Ing'oe tu, uilaze upande ulioelekezwa kwenye kitabu chake.

Ukiona ufa kwenye ubao, au boliti zinalegea kila safari, usikokote tena kabla fundi wa boti hajaukagua.