Umande wa Kipupwe na Lenzi ya Mtumba

SWALI: Shikamoo mzee. Nimenunua kamera ya mtumba pamoja na lenzi ya zamani ya milimita 50. Picha za karibu za majira ya baridi ninazoziona zote ni za theluji, vile vipande vyenye pembe sita. Sisi huku baridi yetu ni kipupwe tu. Kuna cha kupiga? Halafu lenzi yenyewe, nikisogea chini ya nusu mita, kila kitu kinakuwa uji.
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wa theluji nao walihangaika. Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, aliunganisha kamera na hadubini mwaka 1885, akawa anapiga kwenye banda lisilo na moto huku amebana pumzi, maana pumzi tu inayeyusha theluji. Mpaka anafariki 1931 alikuwa na picha zaidi ya 5,000. Wewe adui zako ni jua na kusi.

Kwa hiyo amka. Saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshafika kwenye nyasi; saa mbili umechelewa. Usiku ukiwa mtulivu na anga limetakata, nyasi zinaamka zimelowa chepechepe, na kusi haijachangamka bado. Kereng'ende aliyelala kwenye unyasi mwili umempoa, haruki mpaka jua limpashe. Mchana huyohuyo utamkimbiza mpaka uchoke. Alfajiri anakutazama tu, mbawa zimejaa matone. Tandika gunia ulale kifudifudi, mama asije akakununia kwa matope. Kisha tafuta tone moja linaloning'inia kwenye ncha ya jani, lenye ua nyuma yake. Tone nalo ni lenzi: ua utaliona humo ndani, dogo, limepinduka kichwa chini. Fokasi iweke kwenye hilo ua la ndani. Wengi wanaiweka kwenye ngozi ya tone, wanapata gololi.

Lenzi yako igeuze. Inauzwa pete nyembamba ya kugeuzia: upande mmoja unazungushwa kama skrubu kwenye uzi wa mbele wa lenzi, upande wa pili kwenye kamera. Ya 50 ikigeuzwa hivyo, mdudu wa sentimita 1 anatua kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha, akiwa karibu na sentimita hiyohiyo. Kwa kuwa ni ya zamani, huenda ina pete yake ya kufungulia tundu la kupitishia mwanga. Una bahati, mpya nyingi hazina. Tundu liweke kwenye alama ya f/8. Hapo sehemu inayotoka kali ni kama milimita 1 tu, basi kamera ilale sambamba na ubawa, la sivyo utapata jicho ukose mkia. Pete ya fokasi achana nayo, sogeza kiwiliwili mbele na nyuma, taratibu.

Ukitaka baridi ya kung'ata, panda Lushoto mwezi wa saba. Ila usirudi kama nilivyorudi mimi. Asubuhi nilipiga ukungu, nikatia kamera mkobani ikiwa ya baridi, basi likateremka mpaka Mombo, kwenye joto. Nikaitoa nipige wauza matunda: kioo chote kimetoka jasho. Nikakifuta kwa upindo wa shati, nikairudisha mkobani mbichi vilevile, na nyumbani nikaisahau wiki mbili. Sisi tunaita vyote ukungu, ule wa mlimani na ule wa kwenye mkate; mimi wa kwanza ulinizalia wa pili, ndani ya lenzi. Siku hizi kabla ya kushuka naifunga kwenye mfuko wa nailoni usioingiza hewa, na siufungui mpaka kamera ipate joto la nje. Nyumbani inakaa kwenye boksi la plastiki pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye viatu vipya.

Hiyo yako ya mtumba imulike leo usiku kwa tochi ya simu, kutokea nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, mrudishie aliyekuuzia kabla hajahama kijiwe.