Kongamano la waandishi siku hizi liko kwenye simu, jipange mapema

Mara yangu ya kwanza kwenda kongamano la waandishi nilitoka Muheza na basi la alfajiri, mkobani nina daftari, kalamu tatu na nakala tano za hadithi yangu nilizotoa fotokopi stendi, nikiamini nikimpata mchapishaji mmoja nikamkabidhi mkononi basi nimemaliza kazi. Siku hizi sijui hata kama kuna anayebeba nakala. Unafika, hujapewa hata maji, unaonyeshwa karatasi ukutani yenye vile vimraba vyeusi uskani uingie kwenye grupu la WhatsApp, ratiba iko humo, mada zimo humo, mpaka chakula cha mchana kinapoliwa wapi kimo humo, na ukiwa na simu ya kitochi utakaa kiti cha mbele na bado utakuwa wa mwisho kujua kila kitu.

Silalamiki lakini. Korona ilipoingia 2020, mwandishi Zukiswa Wanner alianzisha tamasha la mtandaoni la Afrolit Sans Frontières, ilikuwa Machi watu ndo kwanza wanaanza kujifungia, waandishi wakawa wanasoma na kujibu maswali mubashara Instagram, na kipindi kile Instagram ilikuwa inakukata ukishamaliza saa nzima hewani kwahiyo hakuna wa kuongea mpaka mseme sasa huyu anashuka lini. Mimi ambaye nauli ya Nairobi tu ni mtihani niliwasikiliza nikiwa nakaanga dagaa.

Shida inaanza pale wewe mwenyewe ndo unatakiwa usome. Jumapili ya Mei 12, 2024 nilipangiwa kusoma hadithi kwenye kikao cha mtandaoni, nimejiandaa, juu kitenge cha maana chini kanga, si kamera inaishia kifuani bana. Intaneti ikagoma. Nikajua bando, nikanunua la elfu mbili, wapi, nikaazima simu ya jirani yenye laini ya mtandao mwingine, nayo vilevile. Baadae ndo nasikia redioni nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika huko upande wa Afrika Kusini na nchi zetu kibao zimeyumba. Yaani kuna waya uko huko samaki wanapita juu yake, sikuwahi kuuwaza hata siku moja, kumbe ndo umeshika hadithi yangu. Wenzangu walioko nchi nyingine waliendelea, jina langu likaitwa mara mbili wakapita. Tangu siku hiyo nikialikwa najirekodi siku mbili kabla nawatumia waandaaji, mtandao ukikata wanapiga ile rekodi. Na uliza mapema wanatumia Zoom ya aina gani, ile ya bure ikifika dakika 40 inawatoa wote, ukiwa msomaji wa mwisho mhusika wako atafia njiani.

Kitu kingine, chai. Ukumbini watu wakitoka chai ndo mambo yanafanyika, mhariri anashika sambusa huku anakuuliza unaandika nini. Sisi wa mtandaoni tunawekewa picha ya kikombe kwenye skrini, tunakiangalia robo saa nzima. Mi nilikiangalia makongamano mawili hivihivi, la tatu nikaona huu ujinga, nikamwandikia pembeni dada mmoja aliyeuliza swali zuri kuhusu lahaja kwenye mazungumzo ya wahusika, na mpaka leo tunasomeana kazi kabla hazijaenda kokote. Kwahiyo kikombe kikitokea, chati na mtu.

Na kama uko ukumbini, tafadhali, kama unasoma kwenye simu zima data halafu weka kile kialama cha ndege. Kuna kijana aliunganisha simu yake na projekta ili shairi lionekane ukutani, anasoma vizuri sana, beti la tatu ukumbi kimya kabisa, mara ukutani kote kukaandikwa MWENYE NYUMBA na simu inatetemeka mkononi. Akakata. Akapiga tena. Shairi lenyewe lilikuwa la msiba, watu wakawa hawajui wacheke au walie. Wazee wa ushairi walikuwa wanaghani kwa kichwa hawana hata karatasi, ila sisi hatufiki huko, basi angalau printi, kwetu stationari ukurasa ni shilingi 200.

Sasa lile grupu. Kongamano likiisha lina uhai wa kama wiki tatu, baada ya hapo ni maua ya asubuhi njema na matangazo ya mikopo, kwahiyo wale unaowataka waandikie mwenyewe ndani ya siku mbili tatu wangali wanakukumbuka sura. Ila usitupe hadithi nzima humo. Mimi nilitupa PDF kwa furaha, watu wakaweka makofi, nikalala. Miezi miwili baadae shangazi yangu ananitumia kitu anasema mwanangu soma hii inafundisha sana, na juu ina vile vimshale viwili vya ujumbe uliosambazwa kupita kiasi. Kufungua, hadithi yangu. Sio PDF tena, maandishi matupu, jina langu hamna, ukurasa wa mwisho umekatwa na chini wameongeza tuma kwa watu kumi utabarikiwa.

Siku hizi natuma ukurasa wa kwanza tu, jina langu liko juu na chini, anayetaka zaidi aniombe.

Shangazi nilimwambia hiyo ni yangu mimi nimeiandika. Akakaa kimya kidogo, akaniuliza, sasa yule bibi alipona au hakupona, maana mwisho haupo. Nikampigia nikamsomea.