Usianze hilo sweta la baba kesho: fuma kipande, kifue, ndipo upime

Weka sindano chini, mdogo wangu. Usitie hata kitanzi kimoja kabla hujamaliza kusoma.

Umeandika kwamba baba yuko Makete, kifua chake ni sentimita 104, na unataka kumfumia sweta la kisasa, pana, la mabega yanayoshuka, liwe na sentimita 120 kuzunguka, alivae kabla baridi ya Juni haijakolea. Umenunua madonge 8 ya sufu, kila moja gramu 50, na lebo inasema inafulika kwa mashine. Sindano ni namba 8 za marehemu bibi yako. Maelekezo umeyapakua kwenye tovuti ya Kimarekani: vitanzi 18 kwa sentimita 10, kwa hiyo unaanza na vitanzi 216. Ukauliza kama madonge yatatosha. Halafu ukamalizia kwa sentensi iliyoniumiza: "kipande cha kupimia naruka, mwalimu wa video kasema ni kupoteza uzi."

Kipande cha kupimia ni kile kidogo unachofuma kabla ya sweta lenyewe, uhesabu vitanzi vingapi vinaingia kwenye sentimita 10. Kupoteza uzi ni haya yaliyonikuta mimi.

Nilimfumia mama mkwe wangu, hukohuko kwenu Makete. Uzi ulikuwa wa aina hiyohiyo yako, sufu laini, lebo imeruhusu mashine. Muuzaji wa mtandaoni aliniapia: "Huu haubadiliki umbo dada, fua utakavyo." Kwa bei yake ungepata mbuzi. Nililipa bila kunung'unika, maana ni mama wa mume wangu na nilitaka aone kwamba namthamini. Nikafuma kakipande kadogo kama kiganja, nikakapima kakiwa kakavu: vitanzi 18 kwa sentimita 10, mistari 26. Sawasawa na maelekezo. Nikatia vitanzi 180 nikaanza kazi.

Sweta lilipotoka kwenye sindano lilikuwa na sentimita 100 kuzunguka, urefu 60, mikono 45. Lilimkaa utadhani limechongwa mwilini mwake. Alilivaa kanisani Jumapili na wanawake wenzake wakaligusagusa wakiniulizia. Sijawahi kujisikia mkwe wa watu kama siku ile.

Kisha likafuliwa. Na hakulifua vibaya: maji baridi, sabuni kidogo, hakulisugua wala kulikamua kwa nguvu. Akalianika kwenye kamba kama mtu yeyote anavyoanika nguo. Lilipokauka, vitanzi 18 vilikuwa vimekuwa 16 kwa sentimita 10, na mistari 26 imekuwa 22. Hesabu mwenyewe: vitanzi 180 sasa vinatoa sentimita 112 na nusu. Urefu wa 60 umekuwa 71. Mikono ya 45 imekuwa 53, inafunika vidole. Hapo bado hujaweka jinsi uzito wa maji ulivyolivuta pale kwenye kamba. Shingo ikawa inamwangukia begani.

Mama mkwe hakusema neno. Akakunja mikono mara mbili akaendelea kulivaa shambani, kisha siku moja sikuliona tena, nikasikia liko sandukuni. Mtu atasema si ungelifumua uanze upya? Ungelifumua vipi? Zawadi ukishaikabidhi kwa mama mkwe humwambii nirudishie. Uzi ule wote uko kwenye sanduku la watu hadi leo, na mimi ndiye niliyeulipia. Shemeji zangu wanaliita koti la mlinzi wa usiku. Waache waliite, siku wakijua kushika sindano tutazungumza.

Sasa turudi kwa huyo mwalimu wako wa video, maana na mimi nilikuwa na wangu aliyesema manenomaneno hayohayo. Mtu huyo ameshafuma masweta mengi kwa uzi uleule na sindano zilezile. Anaujua mkono wake unavyokaza na unavyolegea. Kila sweta lake la nyuma ni kipande chake cha kupimia, ndiyo maana leo haoni haja ya kingine. Wewe unashika uzi huu mara ya kwanza! Kumwambia anayeanza aruke hatua ambayo wewe umeifanya kwa miaka ni kumdhulumu, na inaniuma zaidi kwa sababu video nzuri, taa nzuri na sauti ya upole humfanya mtu aamini. Na muuzaji naye, anayeapa juu ya uzi ambao hajawahi kuufuma wala kuufua, sijui nimwekee neno gani.

Elewa hiyo lebo yako inasema nini hasa. Unywele wa sufu una magamba madogo sana. Sufu isiyotibiwa ukiiweka kwenye maji ya moto na sabuni ukaisugua, magamba yanashikana, sweta linasinyaa na kuganda kama blanketi nene, na hapo huwezi tena kulifumua. Ili sufu ifulike kwa mashine, kiwandani huyapunguza makali magamba hayo, mara nyingi kwa klorini, na kuupaka unywele utando mwembamba wa plastiki. Haigandi tena. Lakini magamba yaleyale ndiyo yaliyokuwa yanasaidia nyuzi kushikana, kwa hiyo ikilowa huteleza na kurefuka. Lebo imekuahidi kwamba sweta halitaganda. Haikukuahidi kwamba litabaki na urefu wake.

Na kama huna uhakika ni sufu kweli, kata kipande kifupi ukichome juu ya sahani. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki, yaani uzi wa kutengenezwa kiwandani, huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Pamba hunuka karatasi. Akriliki haibadiliki sana ikifuliwa, ila ukiipiga pasi ya moto inalala moja kwa moja na hairudi. Pamba ni nzito na sweta pana la pamba hujivuta lenyewe kwenda chini. Kila uzi una tabia yake, na tabia hiyo huijui mpaka uulowanishe.

Basi fanya hivi. Tia vitanzi 34 hivi, ufume mpaka upate kipande cha sentimita 15 au zaidi kila upande. Kakipande kama kiganja hakakufai, kingo zinajikunja na kukudanganya. Kipime kikiwa kikavu uandike. Kisha kifue kama baba atakavyolifua sweta. Hili ndilo watu wanaliacha hata wale wanaofuma kipande. Kama kwa baba nguo zinalowekwa kwenye beseni na kuanikwa kwenye kamba, kiloweke kwenye beseni ukianike kwenye kamba, ukibane na vibanio viwili vizito chini ili kihisi uzito wa sweta zima. Kama utamwagiza alikaushe limelala juu ya taulo, kikaushe hivyo. Kikikauka kabisa, weka futi katikati ya kipande, mbali na kingo, uhesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Nusu kitanzi usikitupe, kihesabu. Kitanzi kimoja tu kikizidi, yaani 19 badala ya 18, vitanzi vyako 216 vinatoa chini kidogo ya sentimita 114 badala ya 120. Na kama sweta litafumwa kwa kuzunguka kwenye sindano za waya, kipande nacho kifume kwa kuzunguka, maana wengi wetu tukifuma mistari ya upande wa kinyume mkono huwa mlegevu kuliko ile ya mbele.

Hesabu unayoitumia ni ile ya baada ya kufua. Ukipata 16, basi sentimita 120 zinahitaji vitanzi 192, au uchukue sindano nyembamba zaidi ufume kipande kingine.

Tena hizo sindano za bibi, mdogo wangu, zimenipa wasiwasi. Sindano za zamani zilizoletwa huku kwetu nyingi zina namba za Kiingereza, na namba za Kiingereza hurudi nyuma: inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Namba 8 ya Kiingereza ni milimita 4. Namba 8 ya Kimarekani, hiyo iliyoandikwa kwenye maelekezo yako, ni milimita 5. Zinakutana kwenye 7 tu, ambayo kwa wote ni milimita 4.5. Ukifuma kwa milimita 4 unaweza kupata vitanzi 22 kwa sentimita 10, na 216 zikakupa sentimita 98. Kifua cha baba ni 104. Litambana kifua chote! Nenda kwa fundi seremala akutobolee ubao mdogo kwa biti za milimita 4, 4.5 na 5, upitishe sindano uone inakaa wapi. Hakuna haja ya kununua kifaa.

Madonge: kipande hichohicho kitakujibu. Kikikauka kiweke kwenye mizani ya jikoni. Tuseme cha 15 kwa 15 kina gramu 9. Eneo lake ni sentimita mraba 225. Mwili wa sweta lako, 120 kwa urefu wa 65, ni 7,800. Mikono miwili mipana ya urefu wa 50, chukua 3,800. Jumla 11,600, ambayo ni kama vipande 51 na nusu, yaani gramu 460 na ushei kabla ya shingo. Una gramu 400. Kwa hiyo madonge 8 hayatoshi, tafuta 10, na uyatafute leo ukiwa umeishika lebo mkononi, kwa sababu namba ya mkupuo wa rangi, ile inayoonyesha madonge yaliyotiwa rangi pamoja, lazima ifanane. Bluu ya mkupuo mwingine itaonekana kwenye mkono wa baba hata akiwa ng'ambo ya bonde.

Kipande kikikauka kilaze mezani, weka futi juu yake, piga picha uiweke hapa. Andika na namna ulivyokifua. Nitahesabu vitanzi pamoja nawe kabla hujatia cha kwanza.