Kujifanya mtu mwingine ili upate kujiamini kwenye presentesheni, ni unafiki?

Hapana dada sio unafiki, kwani unamdanganya nani? Kazi ya presentesheni utaifanya wewe mwenyewe, huyo "mwingine" anakusaidia tu usijiwaze sana. Mwanamuziki Beyoncé alikuwa na "mwingine" wake wa jukwaani aliyemwita Sasha Fierce, mpaka albamu ya 2008 ikabeba hilo jina, halafu baadae akasema hamhitaji tena. Kobe Bryant, yule wa mpira wa kikapu, nae alisema kujiita Black Mamba kulimsaidia kutenganisha matatizo yake binafsi na mchezo, akiingia uwanjani yale mengine yanabaki nje.

Na kuna utafiti ulitoka 2017 wa watoto wa miaka 4 na 6, walipewa kazi ya kuboa kwenye kompyuta dakika 10 na pembeni kuna gemu wanaruhusiwa kwenda kucheza wakichoka, sasa wale walioambiwa wajifanye Batman au mhusika mwingine wanaempenda ndo walikomaa muda mrefu kuliko wenzao wote. Sawa, hao ni watoto, ila mi naona hata mtu mzima akijiangalia kama kwa mbali hofu inapungua.

Chagua mtu mwenye kile kitu kimoja tu unachokosa, labda shangazi yako asiyeogopa kuongea kikaoni, mpe na alama, miwani au koti ukivaa ndo yeye kaingia, ukimaliza vua. Ila slaidi ziandae mapema, maana huyo shangazi hatakutungia data.