Krismasi ya Lalibela: tarehe 25 utakuta watu wamefunga

Msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu. Alitua Addis Ababa mkesha wa 25 Desemba, nguo ya sikukuu begini, na asubuhi yake akakuta maduka wazi, watu kazini, na hotelini anaandaliwa dengu na kabichi. Anauliza sikukuu wameificha wapi.

Hawakuificha. Ethiopia ina kalenda yake ya miezi 13, na Krismasi yao, Genna, huja tarehe 7 Januari. Kabla yake kuna mfungo wa siku 43 usio na nyama, maziwa wala mayai. Ndugu yetu alitua ndani ya mfungo, ndiyo maana ya dengu. (Sahani hiyo inaitwa beyaynetu na ni tamu kweli. Asiilaumu.)

Usiku wa kuupania ni wa tarehe 6 kuamkia 7. Fika Lalibela, mji wa makanisa yaliyochongwa kwenye mwamba, tarehe 4, au 5 ukichelewa sana. Kutoka Addis ndege huruka kama saa moja tu, lakini viti na vyumba huisha mapema, maana mahujaji huja kwa maelfu na wengine hutembea kwa miguu siku kadhaa. Kabla ya kulipa hata senti, ulizia usalama: mkoa wa Amhara umeingia kwenye mapigano tangu 2023, na barabara ya huko si ya kubahatisha. Ukiambiwa hali si shwari, baki Addis ukeshe kanisa la Entoto Maryam. Si Lalibela, lakini ibada ni ileile.

Kuna mtego wa saa. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, siku inaanza alfajiri, kwa hiyo saa mbili yao ni saa mbili yetu. Tatizo ni mwenyeji aliyezoea wageni: hukugeuzia saa kwa hisani. Tiketi imeandikwa 08:00, yeye anakwambia "saa nane", nawe Mswahili unaelewa saa nane mchana. Ndege imeondoka saa sita zilizopita. Uliza kila mara: saa za Habesha (wenyeji) au za ferenji (wageni)?

Mavazi. Netela, shuka jeupe la pamba la tabaka mbili, inatosha kanisani mchana. Usiku nunua gabi, yenye tabaka nne, kwa sababu mji uko mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari na Januari baridi yake haina utani. Viatu viwe vya kuvulika haraka, na uwe na mfuko wa kuvitia. Ukiviacha mlangoni penye umati utarudi peku. Soksi vaa mbili, miamba ni ya baridi, na suruali ichomeke ndani yake. Mazulia ya zamani yana viroboto, na hakuna kitabu cha watalii kitakachokukinga navyo.

Ibada husimamiwa kwa saa nyingi. Wenyeji huegemea mequamia, fimbo yenye kichwa kama herufi T. Wewe tafuta ukuta. Wanaume upande wao, wanawake wao, vichwa vya wanawake vimefunikwa. Nyuma ya pazia la madhabahu hapaingiwi. Na kamera, jamani, izimwe taa yake: hujaja ukumbini, umeingia katikati ya sala ya mtu aliyetembea siku tatu.

Asubuhi ya tarehe 7 usirudi kulala. Kanisa la Bete Maryam limechongwa kwenda chini, ndani ya shimo la mwamba, na ndipo huimbwa wimbo wa Beza Kulu, "Mkombozi wa ulimwengu wote". Safu moja ya makasisi na waimbaji hupanga mstari kwenye ukingo wa mwamba juu, nyingine husimama uani chini. Ngoma ya kebero inaanza polepole, njuga za tsenatsil zinaitikia, na safu mbili zinainama na kuinuka kwa pamoja, za juu na za chini zikijibizana. Ukitaka kuona zote mbili, uwe ukingoni kabla jua halijachomoza. Anayefika kumekucha huona migongo.

Kisha ni doro wat, mchuzi wa kuku. Kitunguu kingi hukaangwa kikavu, bila mafuta, mpaka kiwe rojo. Ndipo huingia samli ya viungo na pilipili ya berbere. Kuku hukatwa vipande 12, na mayai ya kuchemsha hutiwa mwishoni. Anayeharakisha kitunguu hupata mchuzi wa maji. Anza na kidogo, ni mkali.

Usikate tiketi ya kurudi jioni hiyo. Kahawa ina duru tatu, abol, tona na baraka, na hakuna mwenyeji atakayekuachia uondoke kwenye ya kwanza.